Marufuku Iliyokufa kwa Kunyamaziwa: Kisa cha Bunduki za Mtindo wa Kivita Nchini Marekani, 1994 hadi 2004

Jumanne ya tarehe 2 Machi 2004, Seneti ya Marekani ilipiga kura mbili ambazo mtu akizisoma kwa kufuatana atashindwa kuamini kwamba zilipigwa na watu wale wale. Kwanza, maseneta 52 dhidi ya 47 walikubali kuongeza kwa miaka 10 marufuku ya bunduki za mtindo wa kivita, ambayo muda wake ulikuwa umekaribia kwisha. Saa chache baadaye, mswada uliobebeshwa nyongeza hiyo ukaangushwa kwa kura 90 dhidi ya 8, na miongoni mwa walioongoza kuuangusha alikuwa seneta yule yule aliyekuwa akiutetea kwa siku kadhaa. Usiku wa Jumatatu tarehe 13 Septemba mwaka huo, marufuku ikakoma. Hakuna mtu aliyeifuta, wala hakuna mbunge aliyelazimika kusimama na kusema kwamba anataka ife. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa amekwisha kusema kwamba anaunga mkono kuongezwa kwake, na uchunguzi wa maoni wa mwaka huo uliofanywa na kituo cha Annenberg cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania ulionyesha kwamba Wamarekani 68 kati ya kila 100 walitaka iendelee.

Kwa hiyo tunayo sheria iliyopendwa na wengi, iliyokuwa na kura za kutosha katika baraza moja na ahadi ya saini ya rais, na ambayo hata hivyo haikuhuishwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba chama cha wenye bunduki, NRA, kina fedha na nguvu kupita kiasi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake lakini hayatoshi, kwa sababu NRA hiyo hiyo ilishindwa kuizuia marufuku mwaka 1994, na ikashindwa kuifuta mwaka 1996 ilipokuwa na wingi wa wazi katika Baraza la Wawakilishi. Maoni yangu ni kwamba matokeo ya mwaka 2004 yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa miaka 10 nyuma, katika kifungu kimoja ambacho watetezi wa sheria walikikubali ili wapate kura chache walizokuwa wamepungukiwa.

Inafaa kwanza kueleza sheria yenyewe ilikataza nini, maana mabishano mengi yaliyofuata yalitokana na jinsi ilivyoandikwa. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, ambako raia hawezi kumiliki bunduki bila kibali cha mamlaka, ni rahisi kudhani kwamba Marekani ilipiga marufuku bunduki za kijeshi zinazomimina risasi mfululizo. Sivyo. Bunduki hizo zilikuwa chini ya udhibiti mkali wa sheria nyingine tangu miaka ya 1930. Sheria ya 1994 ilihusu bunduki za nusu otomatiki, zile zinazotoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, lakini zilizoundwa kwa sura na baadhi ya vifaa vya bunduki za jeshini. Ilitaja aina 19 kwa majina, zikiwamo AR-15 ya kampuni ya Colt, bunduki za jamii ya Kalashnikov na bastola ya TEC-9. Kisha ikaweka kipimo cha jumla: bunduki ndefu ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoka ingehesabiwa kuwa imekatazwa kama ingekuwa na angalau vitu viwili katika orodha fupi, yaani kitako cha kukunja, kishikio cha mfano wa bastola, mahali pa kuchomekea singe, kifaa cha kuficha mwako kwenye mdomo wa mtutu, au kirushio cha guruneti. Magazini mpya zinazobeba zaidi ya risasi 10 nazo zilikatazwa. Zaidi ya aina 650 za bunduki za kuwindia na za michezo zilitajwa waziwazi kuwa zimeruhusiwa, na chochote kilichokuwa kimetengenezwa kabla ya sheria kuanza kiliachwa mikononi mwa mwenye nacho, kiuzwe na kununuliwa kama kawaida.

Mtengenezaji alihitaji kusoma orodha hiyo mara moja tu. Aliondoa pahala pa singe, akaondoa kificha mwako, akaacha kishikio, na bunduki iliyobaki na kitu kimoja badala ya viwili ikarudi dukani kihalali. TEC-9 ilirudi sokoni ikiitwa AB-10, na herufi hizo mbili zilieleweka na kila mtu katika biashara hiyo kuwa zinasimamia maneno "baada ya marufuku". Mnamo Oktoba 2002, watu wawili waliowaua watu 10 kwa kuwavizia katika eneo la jiji la Washington walitumia bunduki ya Bushmaster XM-15, mojawapo ya zile zilizopunguzwa vifaa ili zikubaliwe na sheria. Mkasa huo ulitumiwa na pande zote mbili: mmoja akasema unaonyesha kwamba sheria haina maana, mwingine akasema unaonyesha kwamba sheria inahitaji kukazwa.

Turudi mwaka 1993 na 1994, ambapo mtego ulitegwa. Mwaka 1989 mtu mmoja alikuwa amewaua watoto watano katika uwanja wa shule huko Stockton, California, kwa bunduki ya jamii ya Kalashnikov. Julai 1993 mwingine aliingia katika ofisi za mawakili katika jengo la 101 California Street mjini San Francisco akiwa na bastola za TEC-9 na kuwaua watu wanane. Dianne Feinstein, aliyekuwa meya wa jiji hilo na sasa seneta mpya, alileta Seneti pendekezo la marufuku kama nyongeza katika mswada mkubwa wa kupambana na uhalifu. Katika mjadala wa Novemba 1993, Larry Craig, seneta wa Idaho na mmoja wa wakurugenzi wa NRA, alimwambia kwamba anahitaji kuzielewa bunduki vizuri zaidi. Feinstein akamjibu kwamba anazielewa: aliupata umeya kutokana na mauaji ya meya aliyemtangulia, na mwaka 1978 ni yeye aliyeukuta mwili wa mwenzake aliyepigwa risasi, akaingiza kidole katika tundu la risasi alipokuwa akitafuta mapigo ya moyo. Jaribio la kuliua pendekezo lake lilishindwa kwa tofauti ya kura mbili.

Katika Baraza la Wawakilishi hali ilikuwa ngumu zaidi. Marais watatu wa zamani, Gerald Ford, Jimmy Carter na Ronald Reagan, waliwaandikia wabunge wakiwaomba wakubali, na jina la Reagan lilikuwa na uzito wa pekee kwa Warepublican wachache waliokuwa wakisitasita. Tarehe 5 Mei 1994 marufuku ilipita kwa kura 216 dhidi ya 214, baada ya Andrew Jacobs wa Indiana kubadilisha kura yake dakika ya mwisho. Hata baada ya hapo, mswada wote wa uhalifu ulikwama mwezi Agosti pale wabunge walipokataa utaratibu wa kuujadili, ukafufuliwa kwa kupunguzwa matumizi, na hatimaye Rais Bill Clinton akautia saini tarehe 13 Septemba 1994.

Sheria iliyopita kwa upungufu wa kura namna hiyo haikuweza kupita bila kulipiwa. Malipo yake yalikuwa ni msamaha kwa bunduki zilizokwisha kuwapo, orodha ile ya aina 650, na kifungu cha ukomo kilichosema kwamba marufuku itakufa yenyewe baada ya miaka 10 isipokuwa Bunge liamue vinginevyo. Kifungu hicho kilimpa mbunge mwenye shaka neno la kuwaambia wapiga kura wake: hili ni jaribio, tukiona halifai litakwisha. Mwaka 1994 kilionekana kuwa jambo dogo, na sidhani kwamba Feinstein alikuwa na njia nyingine. Bila hicho huenda asingepata sheria yoyote. Lakini kilifanya jambo ambalo uzito wake ulikuja kuonekana baadaye tu. Kilihamisha mzigo. Katika mfumo wa Marekani, kupitisha chochote kunahitaji mabaraza mawili na rais, pamoja na uvumilivu wa viongozi wanaopanga ratiba, ilhali kuzuia kunahitaji mlango mmoja tu kufungwa. Sheria ya kawaida ikishapita hulindwa na ugumu huo. Sheria yenye ukomo, siku yake inapofika, ugumu ule ule huigeukia.

Ushahidi wa hoja hii ulikuja mapema kuliko ilivyotarajiwa. Novemba 1994 chama cha Democratic kilipoteza viti 54 vya Baraza la Wawakilishi na kupoteza udhibiti wa mabaraza yote mawili. Spika Tom Foley alishindwa jimboni kwake, na Jack Brooks wa Texas, aliyekaa bungeni kwa zaidi ya miaka 40, akaondolewa licha ya kuwa rafiki wa NRA kwa muda mrefu. Clinton mwenyewe alitamka hadharani kwamba kura ya bunduki iliwagharimu wenzake viti. Mimi naona dai hilo limekuzwa: mwaka huo kulikuwa pia na kodi, mpango wa bima ya afya ulioanguka, na uchovu wa miaka 40 ya chama kimoja kutawala baraza hilo. Hata hivyo, mwanasiasa haongozwi na sababu halisi ya kushindwa kwa mwenzake. Huongozwa na sababu anayoiamini. Tangu siku hiyo Mdemocrat wa jimbo la mashambani aliamini kwamba bunduki ndiyo iliyomzika Brooks.

Warepublican walipochukua Bunge, jambo la kutarajiwa lilikuwa ni kuifuta marufuku. Tarehe 22 Machi 1996 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuifuta, 239 dhidi ya 173. Tofauti hiyo ya kura 66 ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kura mbili iliyoizaa. Lakini Seneti haikuishughulikia, na Clinton alikuwa tayari kutumia kura ya turufu. Marufuku ikaendelea kuishi, ingawa katika baraza lililokuwa limeipitisha sasa ilikuwa na maadui wengi kuliko marafiki. Wapinzani wake walihitaji tu kungoja miaka minane, kisha kutofanya kitu.

George W. Bush alisema katika kampeni za mwaka 2000 kwamba anaunga mkono kuongezwa kwa marufuku, na Aprili 2003 msemaji wa Ikulu akarudia kwamba msimamo wa rais haujabadilika. Wengi walilichukua tamko hilo kama habari njema kwa Feinstein. Ukilitazama kwa makini utaona lilikuwa tamko lisilo na gharama. Mwezi Mei 2003, Tom DeLay, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, alisema kwamba kura za kuongeza marufuku hazipo na kwamba suala hilo halitaletwa. Novemba mwaka huo Spika Dennis Hastert alieleza hadharani kanuni aliyokuwa akiifuata, kwamba kazi ya Spika si kuharakisha miswada inayopingwa na walio wengi ndani ya chama chake chenye wingi. Hata kama wabunge wote wa Democratic wangeungana na Warepublican 30 na kufikisha nusu ya baraza, kanuni hiyo ingetosha kuuzuia mswada usifike mezani. Rais angeweza kuahidi saini yake kwa wakazi wa vitongoji vya miji mikubwa, ambako marufuku ilipendwa, huku akijua kwamba hataletewa karatasi ya kusaini, na wenye bunduki wa vijijini nao wakijua hivyo hivyo.

Hapa msomaji aliyezoea mabunge yetu atahitaji kubadilisha mtazamo. Dodoma, serikali ikitaka sheria iendelee, waziri huleta mswada, wabunge wa chama tawala hukumbushwa wajibu wao, na jambo huisha. Rais wa Marekani hana mswada wa serikali kwa maana hiyo. Ana sauti, ana simu, ana uwezo wa kuwaita viongozi wa chama chake na kuwaambia kwamba jambo fulani ni la lazima. Kipimo cha nia yake, basi, ni kama alipiga simu hizo, na Bush alikuja kulijibu swali hilo mwenyewe. Katika mdahalo wa tatu wa urais, tarehe 13 Oktoba 2004 huko Tempe, Arizona, alipoulizwa kwa nini hakulisukuma Bunge, alisema kwamba aliambiwa mswada huo usingesogea. Mwezi huo huo NRA, ambayo ilikuwa imeshikilia tamko lake la kumuunga mkono hadi marufuku ilipokwisha kufa, ikamuunga mkono rasmi.

Kilichobaki kwa watetezi kilikuwa ni njia ya pembeni: kuipandisha marufuku juu ya mswada ambao upande wa pili uliutaka sana. Mswada huo ulikuwapo. NRA na watengenezaji wa bunduki walitaka sheria ya kuwakinga dhidi ya kesi za madai, kwa sababu majiji kadhaa yalikuwa yamewashtaki wakidai fidia kwa hasara zinazotokana na uhalifu wa silaha. Mswada ulifika Seneti mwishoni mwa Februari 2004 ukisimamiwa na Larry Craig, yule yule aliyebishana na Feinstein mwaka 1993. Ikulu ilitoa tamko la maandishi likiutaka upite, na likaongeza kwamba nyongeza yoyote itakayouchelewesha zaidi ya mwaka huo haitakubalika. Rais aliyekuwa akiunga mkono marufuku alikuwa, kwa maneno mengine, ameiomba Seneti isiguse chombo pekee ambacho kingeweza kuibeba.

Siku ya tarehe 2 Machi ilikuwa pia siku ya kura za mchujo katika majimbo mengi, na John Kerry, seneta wa Democratic aliyekuwa akiwania urais dhidi ya Bush, alikatiza kampeni kurudi Washington kupiga kura. Nyongeza ya Feinstein ilipata Warepublican 10. Muhimu miongoni mwao alikuwa John Warner wa Virginia, ambaye alikuwa ameipinga marufuku mara ya kwanza na sasa alikuwa ameiwekea jina lake. Nyongeza nyingine, ya John McCain na Jack Reed, ya kutaka wanunuzi katika maonyesho ya bunduki wachunguzwe rekodi zao, nayo ikapita kwa 53 dhidi ya 46. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba hesabu imetimia: wapinzani wangepata kinga yao ya mahakamani, na watetezi wangepata miaka 10 mingine. Ndipo NRA ilipowapelekea maseneta ujumbe ikiwataka waupigie mswada mzima kura ya hapana. Craig alisimama na kuwaambia wenzake kwamba mswada umeharibika kiasi cha kutofaa, naye atapiga kura kuupinga. Kura 8 tu zilibaki upande wa ndiyo.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndio kiini cha kisa chote. NRA ilikuwa ikiitaka sana kinga ile. Lakini kinga ingeweza kusubiri Bunge lijalo, wakati marufuku ilikuwa na siku yake ya kufa. Kila mwezi uliopita bila sheria yoyote ulikuwa faida kwa upande wao. Feinstein alikuwa akishindana na kalenda, na mpinzani wake alikuwa ameshika kalenda hiyo mkononi. Oktoba 2005, baada ya uchaguzi ulioongeza viti vya Republican, kinga ile ile ilitiwa saini kuwa sheria, safari hii bila marufuku ndani yake. NRA ilikuwa imepata vyote viwili kwa kukataa kimoja kwa muda wa miezi 19.

Je, wingi wa maoni ya wananchi haukuwa na kazi? Ulikuwa na kazi ndogo kuliko asilimia 68 inavyodokeza, kwa sababu maswali ya maoni hupima mtu anaelekea wapi, si umbali ambao yuko tayari kwenda. Mkazi wa kitongoji cha Philadelphia aliyeunga mkono marufuku alikuwa pia na maoni kuhusu Iraq, ajira, ada za shule na bima ya afya, na ni nadra angemnyima mbunge wake kura kwa sababu ya kitako cha kukunja. Mwanachama wa NRA katika West Virginia aliweza kupiga kura kwa sababu hiyo moja peke yake, na mbunge wake alilijua hilo. Wademocrat waliamini kwamba Al Gore aliipoteza West Virginia, Arkansas na jimbo lake la nyumbani la Tennessee mwaka 2000 kwa sababu ya bunduki, na yoyote kati ya majimbo hayo ingempa urais. Ndiyo maana Kerry, aliyerudi Seneti mwezi Machi kuipigia kura marufuku, alionekana mwezi Oktoba akitoka porini Ohio amevaa nguo za kuwindia, baada ya asubuhi ya kuwinda mabata bukini mbele ya wapiga picha. Alimlaumu Bush kwa kuiacha marufuku ife, lakini hakuifanya kuwa wimbo wa kampeni.

Watetezi walikuwa na udhaifu mwingine ambao haukutokana na wapinzani. Hawakukubaliana juu ya kile walichokuwa wakikitetea. Feinstein alitaka muda uongezwe bila kugusa maneno, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa na kura. Carolyn McCarthy, mbunge wa New York ambaye mumewe aliuawa katika shambulio la ndani ya treni la Long Island mwaka 1993 na ambaye aliingia siasa kwa sababu hiyo, alileta mswada wa kuikaza sheria ili kuziba upenyo wa akina XM-15. Kituo kimoja cha utafiti kinachopinga silaha kilisema wazi kwamba kuiongeza sheria ilivyo hakutabadilisha mengi. Na mwaka huo huo wa 2004, Christopher Koper na wenzake, waliofanya tathmini kwa fedha za Wizara ya Sheria, waliandika kwamba bunduki zilizokatazwa zilikuwa zikitumika katika takriban asilimia 2 ya uhalifu wa silaha kabla ya marufuku, na si zaidi ya asilimia 8 kwa makadirio ya juu, na kwamba athari za kuiongeza zingekuwa ndogo, pengine ndogo mno kupimika. Wapinzani waliisambaza sentensi hiyo kila mahali. Waliyoiacha ni ile ya kwamba magazini kubwa zilikuwa katika asilimia 14 hadi 26 ya uhalifu huo, na kwamba kwa kuwa mamilioni ya magazini za zamani ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa, miaka 10 haikutosha kuona matokeo. Msamaha uliotolewa mwaka 1994 ili sheria ipite ndio uliofanya sheria ikose ushahidi wa kujitetea ilipofika mwaka 2004.

Septemba, kwa hiyo, haikuwa na mchezo wa kuigiza. Bunge lilirudi kutoka mapumziko ya Agosti likiwa na siku chache tu za kazi kabla ya tarehe 13. Bill Frist, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, alisema kwamba matakwa ya wananchi yanaafikiana na kuiacha marufuku iishe. Wakuu wa polisi walifanya mikutano na waandishi wa habari. Maduka ya bunduki yalipokea oda za magazini za risasi 30.

Je, matarajio yamekuwa mazuri zaidi tangu hapo? Mtu anaweza kufikiri kwamba tatizo lilikuwa ni Warepublican kushika Bunge, na kwamba Wademocrat wangerudi wangeirudisha. Walirudi. Februari 2009, Barack Obama akiwa amekaa Ikulu kwa wiki chache na chama chake kikiwa na wingi mkubwa katika mabaraza yote, Mwanasheria Mkuu Eric Holder alisema serikali ingependa kuirejesha marufuku. Mwezi uliofuata Wademocrat 65 wa Baraza la Wawakilishi walimwandikia barua ya kumpinga, na suala likafa papo hapo. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook huko Newtown, Connecticut, na Aprili 2013 Feinstein alileta tena pendekezo lake. Lilipata kura 40 dhidi ya 60. Ni vizuri kuzilinganisha: kura 52 katika Seneti ya Warepublican mwaka 2004, kura 40 katika Seneti ya Wademocrat miaka tisa baadaye, baada ya mauaji ya risasi makubwa kuliko yoyote yaliyotangulia katika shule ya msingi nchini humo. Kuhifadhi kilichopo ni kazi tofauti na kuanzisha kisichokuwapo, na katika miaka hiyo tisa AR-15 ilikuwa imetoka katika kona ya duka na kuwa bunduki ndefu inayouzwa zaidi nchini. Marufuku ambayo mwaka 2004 ingewagusa wachache ilikuwa sasa inawagusa mamilioni ya watu wenye kura.

Ukaribu mkubwa zaidi ulitokea tarehe 29 Julai 2022, baada ya mauaji ya Buffalo na ya Uvalde, Texas, ambako waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Baraza la Wawakilishi lilipitisha marufuku mpya kwa kura 217 dhidi ya 213. Warepublican wawili waliikubali, na mmoja wao, Chris Jacobs wa eneo la Buffalo, alikuwa tayari ameacha kugombea tena, kwani alipotamka tu kwamba ataiunga mkono, chama chake jimboni kilimgeuka ndani ya wiki moja. Seneti, ambako mjadala hufungwa kwa kura 60, haikuipigia kura. Mwezi mmoja kabla, sheria ya wastani ya kuimarisha uchunguzi wa wanunuzi ilikuwa imepita kwa msaada wa pande zote mbili, hasa kwa sababu haikuwa na neno lolote la kukataza bunduki.

Aliyetaka kuona marufuku ikihuishwa mwaka 2004 alipaswa kutazama Boston, si Washington. Massachusetts ilikuwa na sheria yake iliyofuata maelezo ya ile ya shirikisho, na Julai mwaka huo gavana wake, Mrepublican Mitt Romney, alitia saini sheria ya kuifanya ya kudumu, bila ukomo. Haikuwahi kuhitaji kupigiwa kura ya kuongezwa tena. California, New Jersey, New York, Connecticut na Maryland zinazo za kwao, na miaka ya karibuni zimeongezeka Delaware, Illinois na jimbo la Washington. Huko ndiko siasa ya suala hili ilikohamia, na huko ndiko linakotishiwa sasa, safari hii na mahakama. Tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wa Heller wa mwaka 2008, uliotambua haki ya mtu binafsi kumiliki bunduki, na ule wa Bruen wa mwaka 2022, uliotaka sheria za bunduki ziafikiane na historia ya nchi, kila moja ya sheria hizo inaweza kupingwa kwa hoja ya Katiba. Tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza kesi dhidi ya marufuku ya Maryland. Majaji Clarence Thomas, Samuel Alito na Neil Gorsuch walitaka isikilizwe. Brett Kavanaugh alikubali isubiri, lakini aliandika kwamba mahakama inapaswa kulishughulikia suala la AR-15 hivi karibuni, katika muhula mmoja au miwili ijayo. Kesi huingia katika mahakama hiyo kwa kura nne.